Kuuliza Kabla ya Kubomoa: Somo Kutoka Ofisi Ndogo ya Wasanifu Majengo



Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba bwalo la zamani la shule libomolewe, lijengwe jipya. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono. Nilisema bwalo lina joto, lina giza, na msongamano wa mlangoni ni kama wa siku ya gulio. Watu walinipigia makofi, nasi tukashinda kwa kura nyingi. Leo nashika kalamu kwa sababu naona kwamba nilishinda bila kujua nilichokisema. Waliyonifumbua macho ni makala tuliyopewa na mwalimu wetu wa Jiografia, yahusuyo ofisi ndogo ya wasanifu majengo huko Ufaransa.

Kwanza yafaa tujue msanifu majengo ni nani, maana wengi humchanganya na fundi mwashi au mkandarasi. Mwashi hupanga matofali. Mkandarasi huajiri watu na kuleta vifaa. Msanifu ndiye anayelifikiri jengo kabla halijakuwapo: litakaa wapi, jua litaingia upande gani, watu watapita wapi, na fedha iliyopo itatosha nini. Ziko ofisi za kazi hii zenye mamia ya wafanyakazi, na ziko zenye watu wachache tu. Katika ofisi ndogo hakuna pa kujificha. Tabia ya wenye ofisi ndiyo sheria ya kazi.

Ofisi ninayoieleza ni ya watu wawili: Bibi Anne Lacaton, aliyezaliwa mwaka 1955, na Bwana Jean-Philippe Vassal, aliyezaliwa mwaka 1954 mjini Casablanca, Moroko. Wote wawili walisomea usanifu katika mji wa Bordeaux. Baada ya masomo, Vassal alikwenda kufanya kazi ya mipango ya miji nchini Niger, na Lacaton akawa anakwenda kumtembelea. Huko, mwaka 1984, walijenga kibanda cha matawi na majani juu ya mchanga karibu na mji wa Niamey. Haikupita miaka miwili, upepo ukakiangusha. Lakini walichojifunza hakikuangushwa na upepo. Waliona watu wakipata kivuli na mahali pa kukaa kwa vitu haba kabisa, bila kupoteza hata kijiti. Vassal ameeleza mara nyingi kwamba Niger ilikuwa kwake kama shule ya pili. Mwaka 1987 wakafungua ofisi yao. Katika kazi zao naona kanuni nne, nami nitazieleza moja moja.

Kanuni ya kwanza ni kutazama na kuuliza kabla ya kuchora. Mwaka 1996 wakuu wa mji wa Bordeaux waliwataka waupambe uwanja mmoja mdogo uitwao Place Léon Aucoc. Ni mahali pa kawaida: miti pembeni, mabenchi, changarawe, na nafasi ya wazee kucheza mchezo wa kurusha tufe. Wasanifu hawa walikwenda pale, wakakaa, wakatazama, wakazungumza na wakazi. Mwishowe walirudi na jibu la ajabu: uwanja tayari ni mzuri, hauhitaji pambo lolote. Walishauri tu kwamba changarawe ibadilishwe, miti itunzwe, na mahali pafagiwe mara kwa mara. Hebu fikiri, msomaji: mtu aliyeitwa kujenga kusema kwamba hapana haja ya kujenga! Fundi mwenye tamaa angeleta mawe ya thamani na chemchemi. Wao walihesabu kwamba kujua lini pasiguswe ni sehemu ya ujuzi wao.

Kanuni ya pili ni kutobomoa kilicho kizima. Baada ya miaka ya 1950, Ufaransa ilijenga maghorofa mengi marefu kwa watu wa kipato kidogo. Ilipofika mwanzoni mwa karne hii, serikali iliona mengi yamechakaa, ikaanzisha mpango wa kubomoa na kujenga upya. Mwaka 2004 Lacaton na Vassal, pamoja na msanifu mwenzao Frédéric Druot, waliandika uchunguzi wa kuonyesha njia nyingine. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akibomoa hupoteza mara tatu: hupoteza jengo, hupoteza fedha, na hupoteza ujirani wa watu waliozoeana kwa miaka. Heri kuongeza kuliko kuondoa.

Maneno hayo waliyatimiza kwa vitendo. Mjini Paris lilikuwapo ghorofa liitwalo Tour Bois-le-Prêtre, lenye makao 96, ambalo lilikuwa katika hatari ya kubomolewa. Wasanifu hawa, wakiwa na Druot, walilifanya upya, kazi ikamalizika mwaka 2011. Kisha wakafanya kazi kubwa zaidi mjini Bordeaux, mahali paitwapo Grand Parc, kwenye majengo matatu yenye makao 530. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2017.

Jinsi walivyofanya ni rahisi kueleza. Nje ya ukuta wa zamani walisimamisha umbo jipya la zege, sakafu juu ya sakafu, kama mtu anayesogeza kabati na kuliegemeza ukutani. Kisha waliuondoa ukuta wa nje wenye madirisha madogo, wakaweka milango mipana ya vioo. Hivyo kila familia ikapata chumba kipya cha mwanga na roshani mbele yake. Chumba hicho hufanya kazi mbili. Wakati wa baridi hufungwa, jua huingia kwa kioo, hewa iliyomo hupata joto, na joto hilo huikinga nyumba. Kwa hiyo moto wa kuota hupungua. Wakati wa joto hufunguliwa, mapazia huteremshwa, na upepo hupita. Katika Grand Parc kila makao yalichukua muda wa wiki mbili hivi tu, na wakazi hawakuhamishwa. Bibi aliyekuwa na maua yake dirishani alibaki na maua yake. Gharama nayo ilikuwa ndogo sana kuliko ya kubomoa na kujenga upya.

Kanuni ya tatu ni kuitumia fedha kwa nafasi, si kwa urembo. Mwaka 1993 walimalizia nyumba ya familia moja yenye fedha kidogo, huko Floirac karibu na Bordeaux. Nusu ya nyumba waliifunika kwa mabamba ya kawaida ya saruji yenye nyuzi, yasiyopitisha mwanga. Nusu nyingine waliijenga kwa mabamba ya plastiki ngumu yapitishayo mwanga, yale yale ambayo wakulima wa Ulaya hutumia kuoteshea mboga wakati wa baridi. Kwa kuwa vifaa hivyo ni vya bei nafuu, familia ilipata nyumba kubwa kuliko ile ambayo fedha yao ingewapa kwa njia ya kawaida. Mtu apitaye njiani huenda akaidharau. Lakini aishiye ndani ndiye ajuaye raha ya nafasi.

Kanuni ya nne ni kushirikiana. Kazi ya Grand Parc waliifanya pamoja na Druot na msanifu mwingine, Christophe Hutin. Ofisi ndogo haina haja ya kujifanya kubwa. Yatosha kupata wenzi wanaoamini jambo lile lile. Na udogo haukuwanyima heshima, kwani mwaka 2021 Lacaton na Vassal walipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo tuzo iliyo mashuhuri kuliko zote duniani katika kazi ya usanifu majengo.

Najua msomaji mmoja atauliza: Je, hakuna jengo linalostahili kubomolewa? Lipo. Jengo ambalo msingi wake umeoza ni hatari kwa watu, na heri livunjwe kuliko kuua. Nao wasanifu hawa, kama tulivyoona, huuondoa ukuta ulio mbaya. Wanachokataa ni kuhukumu kabla ya kuchunguza.

Sasa nirudi kwenye bwalo letu. Baada ya kusoma hayo niliona haya, maana katika mdahalo nilisema mengi bila kumwuliza mtu hata mmoja. Jumamosi moja nilikwenda nikiwa na mwenzangu, tumebeba kamba ya kupimia na daftari. Tukamkuta mama mpishi, ambaye amefanya kazi pale tangu sisi hatujazaliwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kuomba ukoko?”

Tukamweleza shida yetu. Akacheka, akafuta mikono, akatuongoza hadi ukuta wa nyuma. Pale tulihesabu madirisha sita yaliyopigiliwa mbao baada ya vioo kuvunjika. Kisha akatuonyesha mlango wa pili, ambao mimi sikuwahi kujua kama upo, kwa sababu umezibwa na rundo la madawati mabovu.

“Zamani waliingia huku, wakatokea kule,” alisema. “Wala hapakuwa na joto hili. Mwaka wa ngapi huu, hajaniuliza mtu.”

Tulipima kuta, hazina ufa hata mmoja. Hivyo joto, giza na msongamano, ambavyo nilivililia kwa sauti kubwa mbele ya shule nzima, si kosa la bwalo. Vioo tulivivunja sisi kwa mipira, na madawati tukayarundika sisi wenyewe. Bwalo halikuharibika, lilizibwa.

Kwa hiyo natamka hapa, kwa maandishi, kwamba naiondoa hoja yangu. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa zamu ruhusa, na Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao tutayahamisha madawati yale na kuufungua mlango. Yaliyo mazima kidogo tutayapeleka karakana. Habari ya vioo tumeiandika na kuiweka mbele ya viranja, tukitaja idadi na vipimo. Atakaye kutusaidia na aje na mikono yake miwili.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuna ujinga wa kutouliza, nao huweza kupigiwa makofi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne