SOMO: KUCHAGUA WAYA WA KUFUNGIA MAROBOTA



Wengi wetu tunashika waya kila siku, lakini ni wachache tunaoufahamu. Katika viwanda vinavyokusanya makaratasi, maboksi, chupa za plastiki na makopo, vitu hivyo hubanwa kwa mashine na kufungwa marobota. Mashambani nako nyasi kavu za mifugo hufungwa vivyo hivyo. Robota zima linashikwa na nyaya chache tu. Waya ukikatika, mwenye mali hupoteza robota moja. Sisi tunaweza kupoteza jicho.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akifunga maboksi, alipatwa na ajali ya namna hiyo. Waya wa geji 12 ulikuwa umekwisha stoo, akapewa wa geji 16, ule ambao mafundi wa nyumba hufungia nondo. Alipofungua mlango wa mashine robota likafura, waya mmoja ukakatika, na ncha yake ikampiga chini kidogo ya jicho. Taarifa ya ajali iliandikwa kwamba mfanyakazi hakuwa mwangalifu. Sisi tunasema waya haukuwa wa kazi ile. Lakini kusema tu hakutoshi. Ni lazima tuweze kueleza sababu kwa vipimo na hesabu. Hiyo ndiyo shabaha ya somo hili.

1. GEJI NI NINI?

Unene wa waya hutajwa kwa geji. Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: namba ikipanda, unene unashuka. Waya wa geji 16 ni mwembamba kuliko wa geji 10. Kwa kipimo cha Kiingereza unene ni huu:

Geji 10 – milimita 3.25
Geji 12 – milimita 2.64
Geji 14 – milimita 2.03
Geji 16 – milimita 1.63

Namba za Marekani hutofautiana kidogo na hizi. Kwa hiyo waya unapoletwa, tusitazame karatasi ya muuzaji peke yake. Tuupime kwa milimita.

Jambo la pili: nguvu haipandi sawa na unene. Tazama geji 10 na geji 16. Unene wa geji 10 ni karibu mara mbili ya geji 16, lakini ukiukata waya na kuutazama kwenye ncha, eneo la chuma ni karibu mara nne. Kwa hiyo, ikiwa chuma ni cha aina moja, waya wa geji 10 hustahimili mvuto mara nne zaidi. Kwa hesabu hiyo hiyo, geji 16 aliyopewa mwenzetu haikufikia hata nusu ya nguvu ya geji 12 aliyoizoea. Mashine ilibana kwa nguvu ile ile, maboksi yalikuwa yale yale; kilichobadilika ni waya.

2. AINA ZA WAYA

Unene peke yake hautoshi. Nyaya mbili za unene mmoja zinaweza kuwa na tabia mbali mbali.

(a) Waya mweusi uliolainishwa. Waya unapovutwa kiwandani ili uwe mwembamba, chuma chake huwa kigumu. Huu hurudishwa tanuruni, ukapashwa moto na kuachwa upoe polepole. Unapoteza sehemu ya nguvu, lakini unakuwa laini, unapindika bila kuvunjika na kuvutika kidogo kabla ya kukatika. Ndio unaofaa kufungwa kwa mkono.

(b) Waya mgumu wa nguvu nyingi. Huu hustahimili mvuto mkubwa kuliko mweusi wa unene huo huo, lakini hauvutiki sana, nao hurudi kama upinde ukiachiwa. Hutumika zaidi katika mashine kubwa zinazofunga zenyewe. Si waya wa kupindwa kwa vidole, na ukikatika hupiga vibaya.

(c) Waya uliopakwa zinki. Zinki hukinga chuma na kutu. Ikiwa marobota yatalala nje wakati wa masika, au yatasafirishwa kwa bahari, huu ndio unaofaa. Kutu hula waya kidogo kidogo, na robota lililokuwa salama mwezi wa kwanza linaweza kupasuka mwezi wa nne wakati watu wamesimama chini ya rundo.

Waya huuzwa katika mizunguko mikubwa, au ukiwa umekwisha kukatwa vipande vyenye kitanzi kwenye ncha moja. Vipande vyenye kitanzi vina bei zaidi, lakini kwa mashine ya kufungwa kwa mkono huokoa muda, na fundo lake huwa sawa kila mara.

3. KILA MZIGO NA WAYA WAKE

Swali la kuuliza si "waya gani ni mzuri?" bali "mzigo huu unasukuma kiasi gani baada ya kuachiwa?"

Makaratasi na maboksi hufura kiasi. Kwa mashine ndogo za kusimama, waya laini wa geji 12 hadi 14 hutumika sana. Chupa za plastiki hufura zaidi, kwa sababu plastiki hutaka kurudi katika umbo lake na chupa yenye kifuniko imefungia hewa ndani. Zinahitaji waya mnene zaidi au nyaya nyingi zaidi, na vifuniko vifunguliwe kwanza. Mashine kubwa za kulala, zinazobana kwa nguvu nyingi, kwa kawaida hutumia geji 10 hadi 12 za waya mgumu. Hata hivyo, kitabu cha mashine ndicho cha mwisho. Kama kinataja waya fulani, usishuke chini yake.

Tena kuna jaribio dogo ambalo kila tawi linaweza kulifanya mzunguko mpya unapofika. Vaa miwani na glavu. Kata kipande, kipinde hadi ncha zikutane, kinyooshe, kisha kizungushe juu ya waya mwenzake mara kadhaa. Waya laini ukipasuka, ukimenyeka au ukivunjika mapema, haufai kufungia. Andikeni tarehe na matokeo katika daftari.

4. HESABU YA BEI

Tukidai waya unaofaa tunaambiwa ni ghali. Basi tupige hesabu. Waya huuzwa kwa kilo. Mita moja ya geji 12 ina uzito wa gramu 43 hivi. Mita moja ya geji 14 ni gramu 25 na ushei. Tuseme robota linafungwa kwa nyaya nne, kila mmoja mita 3.2. Jumla ni mita 12.8. Kwa geji 12 ni gramu 550; kwa geji 14 ni gramu 325. Kweli, mwajiri ameokoa gramu 225.

Lakini nini hufuata? Waya mwembamba unapokatika-katika, msimamizi husema: "Pigeni mbili mbili." Sasa nyaya ni nane, mita 25.6, na uzito ni gramu 650. Amekwisha kupita geji 12 kwa gramu 100 katika kila robota, na mfungaji anafunga mafundo manane badala ya manne kwa ujira ule ule. Ongeza marobota yanayopasuka na kufungwa upya, na saa ambazo mashine imesimama. Wahenga walisema rahisi ghali. Hesabu hii ipelekwe kwenye kikao na wakubwa ikiwa imeandikwa, kwa vipimo vya mashine yenu wenyewe.

5. NYASI, NG'OMBE NA KATANI

Kwa nyasi za mifugo somo linageuka. Hapa waya mzuri kabisa unaweza kuwa adui. Ng'ombe hachagui anapokula. Humeza majani pamoja na kipande cha waya kilichobaki ndani yake. Chuma hicho hukaa katika tumbo la pili, na kwa kuwa tumbo hilo liko karibu na moyo, ncha yake inaweza kutoboa hadi huko na kumwua mnyama.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika miaka ya 1870 huko Marekani zilitoka mashine za kuvuna ngano zilizofunga miganda kwa waya. Wakulima walilalamika kwamba vipande vya waya vinaingia katika chakula cha mifugo na katika vinu vya unga. Mwishoni mwa miaka hiyo John Appleby akaunda kifaa cha kufunga fundo kwa kamba, na waya ukaachwa katika kazi hiyo. Kamba ilihitaji nyuzi, na nyuzi zilitoka kwenye mimea ya jamii ya mkonge.

Ndugu zetu wa mashamba ya mkonge wanajua sehemu iliyobaki. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893. Kufikia 1964 nchi hiyo ilitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya katani ile ilikwenda ng'ambo kusokotwa kamba za kufungia nyasi. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ya katani ikaanguka, na maelfu ya wakataji wakakosa kazi. Lakini plastiki haiozi shambani, nayo huziba tumbo la mnyama anayeimeza. Kamba ya katani huoza ikawa udongo. Kwa hiyo kwa marobota madogo ya nyasi, yale ambayo mtu mmoja anaweza kuyanyanyua, ushauri wetu ni kamba mbili za katani. Ng'ombe atasalimika, na mkataji wa mkonge atapata kazi.

Pale ambapo ni lazima nyasi zifungwe kwa waya, hesabu nyaya ulizofunga, na hesabu zile zile zitoke kabla ng'ombe hajala.

6. TUJILINDE

- Zima mashine kabisa kabla ya kuingiza mkono kupitisha waya.
- Vaa miwani ya kinga na glavu za ngozi wakati wa kufunga na wakati wa kukata.
- Fungua mlango wa mashine ukiwa umesimama kando, si mbele ya robota.
- Kata waya kwa mkasi wenye mikono mirefu. Usikate kwa panga wala shoka, wala kwa mashine inayotoa cheche karibu na makaratasi.
- Usinyanyue robota kwa kushika au kuning'iniza waya.
- Usipange marobota yenye waya uliokatika au kuliwa na kutu. Yafungwe upya kwanza.

7. HAKI YETU

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Glavu na miwani, basi, si vitu vya kukatwa katika mshahara. Mkataba huo pia unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa ya papo hapo. Mwaka 1998 shirika hilo lilitangaza haki za msingi kazini, na mwaka 2022 likaongeza humo mazingira salama ya kazi. Nchi wanachama zina wajibu wa kuyaheshimu hata kama hazijaridhia mkataba wenyewe.

Ajali ikitokea, tawi lisingoje taarifa ya mwajiri. Okoteni kipande cha waya uliokatika, kipimeni, kihifadhini pamoja na daftari la majaribio. Kipande hicho ni shahidi asiyeogopa kufukuzwa kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Waya tunaotumia sasa ni wa milimita ngapi? Kitabu cha mashine kinataka ngapi?
2. Ni marobota mangapi yalipasuka wiki iliyopita, na ni nani aliyeyafunga upya?
3. Waya ukiisha stoo, nani ana amri ya kutoa wa aina nyingine? Je, mwakilishi wetu huulizwa?
4. Glavu na miwani zinatosha watu wa zamu zote?

Mshikamano daima.