Marlin Model 60: Safisha Kwanza, Kipuri Baadaye

Huko Marekani, familia nyingi zina bunduki ya .22 iliyoachwa na babu: ya kuwindia sungura na kindi, au ya kufundishia vijana shabaha. Mara nyingi huwa ni Marlin Model 60. Ilianza kutengenezwa mwaka 1960, na zaidi ya milioni 10 zimeuzwa. Ni nusu otomatiki: kila ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja, kisha bunduki hutoa ganda na kujipakia yenyewe. Risasi zake hukaa katika bomba lililo chini ya mtutu.

Anayerithi bunduki hii huikuta imeganda, inakwama au hailii kabisa, naye hukimbilia kuagiza vipuri. Asikimbilie. Nyingi kati ya hizi hazijaharibika, zimechafuka tu. Fuata utaratibu ufuatao na utaokoa fedha na, lililo kubwa zaidi, utaepusha ajali.

Hakikisha haina risasi

Bomba ni mahali pa hatari. Unaweza kudhani limekwisha kumbe risasi moja imebaki ndani, au imekwama kwenye njia ya kuelekea chemba. Elekeza mtutu upande salama, weka kizuizi cha usalama, chomoa bomba la ndani lote, kisha inamisha bunduki risasi zitoke. Vuta boliti mara kadhaa. Tazama chemba kwa macho, ukimulika kwa tochi. Ondoa risasi zote katika chumba unachofanyia kazi.

Usifyatue bunduki tupu kwa kujaribu. Baruti ya kuwashia ya risasi hizi imo kwenye ukingo wa kitako chake, kwa hiyo pini hupiga pembeni. Pasipo na risasi, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza. Chemba iliyobonyea huleta kukwama ambako hakuna usafi utakaokuondoa.

Itambue kwa mwaka wake

Model 60 ilibadilishwa mara kadhaa, na kipuri cha mwaka mmoja huenda kisiingie katika ya mwaka mwingine. Kwa zilizotengenezwa kuanzia 1973 hadi miaka ya 1990, chukua tarakimu mbili za mwanzo za namba ya bunduki, uziondoe kwenye 100. Namba inayoanza na 25 ni ya 1975. Inayoanza na 17 ni ya 1983.

Tazama pia alama nyingine. Tangu katikati ya miaka ya 1980, boliti hubaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Za zamani zina bomba refu zaidi; baadaye lilifupishwa likawa la risasi 14. Usishangae ukikuta jina la Glenfield, kwani Marlin iliuza bunduki hiyohiyo kwa jina hilo kwa bei nafuu. Maduka makubwa nayo yaliiuza kwa majina yao. Ukiwa na yenye jina la duka, tafuta kwanza jedwali linaloonyesha jina hilo linalingana na modeli ipi ya kiwandani.

Ukikuta bunduki ya kabla ya 1968 haina namba, si lazima iwe imefutwa. Sheria ya silaha ya mwaka huo ndiyo iliyolazimisha kila bunduki iwe na namba. Lakini namba iliyokwanguliwa ni jambo la jinai: usiinunue wala usiitengeneze.

Safisha

Bunduki hii haina kufuli linalofunga boliti. Msukumo wa ganda ndio unaoirudisha nyuma, na springi huirejesha mbele. Nguvu hiyo ni ndogo. Mafuta yaliyoganda, masizi na nta ya risasi vinatosha kuipunguza hadi ganda lisitoke.

Legeza parafujo kuu mbili za chini, utoe chuma kwenye kitako cha mbao. Tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye mkato. Piga picha kila hatua. Mkono wa boliti ukichomoka, boliti hutoka pamoja na springi yake. Ishike, kwani huruka, na ikipinda haifai tena. Sugua chemba kwa brashi ya shaba, safisha uso wa boliti na vikucha vinavyovuta ganda, kisha tia mafuta ya bunduki kidogo sana. Mafuta mengi hunasa vumbi, nawe utarudi mwanzo. Masizi haya yana madini ya risasi: fanya kazi penye hewa, mbali na watoto, na nawa mikono kabla ya kula.

Vinavyochakaa kweli

Ikiwa bado inasumbua baada ya kusafishwa, chunguza hivi kwa zamu:

- Kizuia mshindo. Ni kipande cha plastiki nyuma ya boliti. Huwa cha njano, hupasuka, na vipande vyake huangukia kwenye mitambo. Ni bei rahisi. Kibadilishe kikionyesha ufa.
- Springi ya boliti. Iliyopinda au kulegea hufanya boliti isifunge sawasawa.
- Bomba la risasi. Likibonyea, au springi yake ikichoka, risasi hazisogei.
- Vikucha na waya wa kurushia ganda. Vikichakaa, ganda hubaki ndani au hukwama mlangoni.
- Njia ya kulishia. Ikilika, ncha ya risasi hugonga ukingo wa chemba badala ya kuingia.

Pa kupata vipuri

Remington ilikubali kuinunua Marlin mwishoni mwa 2007. Remington ilipofilisika mwaka 2020, Ruger ikanunua jina na mitambo. Bunduki ya kwanza ya Marlin chini ya Ruger ilitoka mwishoni mwa 2021, nayo ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Hivyo vipuri vingi vya Model 60 ni akiba ya zamani au vimetolewa kwenye bunduki zilizofunguliwa. Numrich, kampuni ya jimbo la New York iliyoanza 1950, inajulikana kwa kazi hiyo. Unapoagiza, taja modeli, mwaka na namba ya kipuri kwenye mchoro wa modeli yako, na linganisha picha na kile ulichonacho mkononi.

Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kiwiliwili chenye namba ndicho kinachohesabiwa kuwa silaha. Springi, pini na boliti kwa kawaida hununuliwa bila kibali, ila majimbo yana sheria zake, ulizia kwanza. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, silaha ni ya leseni, na matengenezo yaende kwa fundi aliyeidhinishwa.

Pa kusimama

Peleka kwa fundi bunduki mara moja ikiwa inatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, inalia boliti inapofunga, kizuizi cha usalama hakishiki, au mtutu una uvimbe au ufa. Fundi pia ndiye wa kunyoosha chemba iliyobonyea. Usichonge kifyatulio wala usikate springi zake ili kiwe chepesi.

Kazi ikiisha, itie risasi moja tu kwa majaribio ya kwanza, katika uwanja wa shabaha, ukiwa umevaa miwani na vizibo vya masikio. Ikitoa ganda vizuri mara kadhaa, tia mbili, kisha tano. Bunduki iliyopita majaribio haya ndiyo ya kumkabidhi kijana anayejifunza.