Sikio Kwanza, Kisha Ulimi

Somo: Marko 7:31-37, Kumbukumbu la Torati 6:6-7

Wiki hii tuwaangalie watoto wetu wadogo, wale ambao umri wao bado tunauhesabu kwa miezi, na maneno yao ya kwanza.

Katika Marko 7, watu walimletea Yesu mtu kiziwi ambaye pia alikuwa na shida ya kusema. Angalia mpangilio. Yesu alishughulikia masikio kwanza, ndipo akagusa ulimi. Na uponyaji ulipokuja, masikio yalitangulia, ulimi ukafuata. Mtoto naye hujifunza kusema kwa mpangilio huo huo.

1. Weka kabla ya kutoa

Mimi nilisomea biashara, lakini hata mama mboga anajua hili: huwezi kutoa pesa kwa akaunti ambayo hujaweka kitu. Mtoto huanza kusikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Karibu miezi 6 anaanza "bababa" na "mamama", bila maana. Wengi hutamka neno la kwanza lenye maana wakikaribia mwaka 1. "Mama" na "baba" huja mapema kwa sababu ni sauti za kufunga na kufungua midomo tu. Nabii Isaya naye (8:4) anapima muda kwa mtoto kujua kuwaita baba na mama.

Akifika miaka 2, wengi huunganisha maneno mawili: "taka maji", "mama kuja". Usimcheke wala usimkemee. Ile "na" ya "nataka" itakuja. Mjibu tu, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Hapo umemfundisha bila kumuaibisha.

2. Ongea naye kabla hajaweza kujibu

Kumbukumbu la Torati 6 inataja nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Haingoji darasa. Ukichambua sukuma, mwambie unachofanya. Ukimwogesha, taja mkono, taja mguu. Kisha nyamaza kidogo umpe nafasi, hata kama atajibu "aaa" pekee. Nyanya akimwongelesha Kikamba na wewe Kiswahili, sawa kabisa. Lugha mbili hazimharibu mtoto.

Katuni je? TV inaongea, lakini haimsubiri mtoto ajibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku.

3. Usimfiche

Hapa nataka kusema wazi. Wako kina mama kati yetu ambao hukaa nyuma na watoto wao kwa sababu mtoto ana miaka miwili na nusu na hasemi. Mmoja anaambiwa "ataongea tu, hata mjomba wake alichelewa". Mwingine anasikia minong'ono ati mtoto amefungwa. Jameni, tuache hayo. Katika Marko 7 hakuna aliyeuliza ni laana ya nani. Walimleta tu.

Kama miezi 18 imefika na hana neno, au miaka 2 na haunganishi mawili, au hageuki ukimwita, au alikuwa na maneno yakapotea, mpeleke kliniki na kile kijitabu cha mama na mtoto. Omba masikio yapimwe mapema. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Mimi nitamwekea mtoto mikono na kuomba, na nikimaliza nitakuuliza tarehe ya kliniki.

Na kama Mungu atampa mtoto wako kuzungumza kwa mikono, hiyo pia ni lugha. Katiba yetu ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na sisi kama kanisa tuko tayari kujifunza salamu zake.

Kazi ya wiki: Kila jioni, dakika 10 na mtoto, simu ikiwa mbali. Kina baba, hii ni yenu pia.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni mzazi gani katika mtaa wetu anayebeba jambo hili peke yake, na ni nani atamsindikiza kliniki?

Tuombe: Bwana, fungua masikio ya watoto wetu, na utufungue sisi vinywa tuseme nao. Amina.