Majina ya Nyika ya Juu ya Kilimanjaro

Katika Mwanzo 26:18 twasoma ya kuwa Isaka alivichimbua tena visima vya baba yake, vilivyofukiwa na Wafilisti, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia Ibrahimu. Kazi ya kuchimba ilikuwa yake, naye angaliweza kuvipa majina mapya. Hakufanya hivyo.

Juu ya msitu wa Kilimanjaro iko nyika ya baridi, yenye manyasi na vichaka vifupi, isiyo na migomba wala nyumba. Mahali pasipo wenyeji jina hupotea upesi, au kila mpitaji huweka lake. Katika nyika hiyo, kwa njia ya Marangu, penye kimo cha mita 3,720, pana kituo cha wapandaji kiitwacho Horombo. Zamani za Wadachi kiliitwa kwa jina la Carl Peters, yule aliyekuwa mkuu wa boma la Marangu, akawanyonga mtumishi wake na msichana mmoja miaka ya 1891 na 1892, hata serikali yake yenyewe ikamfukuza kazini mwaka 1897. Baada ya uhuru jina lake likaondolewa, likawekwa la Mangi Horombo wa Keni, aliyeziunganisha nchi nyingi za Rombo na kujenga ngome za mawe. Vivyo hivyo kituo cha chini, kilichoitwa Bismarck, sasa ni Mandara, jina la pili la Mangi Rindi wa Moshi.

Nafurahi kwa badiliko hilo. Lakini mwanafunzi asidanganyike: Horombo hakukaa pale nyikani. Jina ni la kale, bali pale limewekwa juzi tu. Je, wachuma asali na wawindaji walipaitaje? Hilo ndilo la kuulizia.

Tena tujihadhari na maana zinazotokana na sauti tu. Johannes Rebmann aliiona theluji tarehe 11 Mei 1848. Mwenzake Krapf akalieleza jina Kilimanjaro kuwa mlima wa ukuu, au labda mlima wa misafara. Mtu mmoja, na maelezo mawili! Wengine hulikata kwa Kichaga, kilema na jyaro, yaani lililoushinda msafara. Nasi twauliza, mlima mkubwa hivi waitwaje kilima? Wachaga wa kale walitaja Kibo na Mawenzi, si jina moja la mlima wote. Kwangu mimi hapana maelezo hata moja yaliyothibitika.

Basi, ewe mwalimu wa usharika, uendapo kumtazama mzee mgonjwa, ukiisha kusali naye, mwulize majina ya vijito na mapango ya juu. Andika kama atamkavyo, pamoja na kijiji chake na tarehe. Wazee wawili wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili, wala usiwapatanishe.