Kadogo Inakula Mfuko? Anza na Chupa Moja ya Mafuta

Miezi mitatu iliyopita dadangu aliniuliza swali ambalo huenda nawe umewahi kujiuliza: "Mbona mwezi ukifika kona lazima nikope pesa ya unga, na hakuna kitu cha maana tumenunua?"

Naishi kwake Kayole, tuko watu wanne: yeye, watoto wake wawili na mimi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akichukua ovadrafti ya kama Sh400 kwenye simu, ananunua unga na mboga, halafu mshahara ukiingia deni linakatwa kwanza pamoja na ada zake. Mwezi mpya unaanza ukiwa tayari umepungua.

Jioni hiyo hatukubishana. Tulichukua simu, tukaitisha taarifa ya miamala ya mwezi mzima, tukashika kalamu. Kioski kimoja tu, kile cha pale kwa geti, kilikuwa kimelipwa mara 74! Sh40 ya mafuta, Sh45 ya sukari, Sh10 ya hiki na kile. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Siku hiyo tuliona kwamba haba na haba humaliza kibaba pia.

Hivi ndivyo tulivyofanya, hatua kwa hatua. Bei nitakazotaja ni za mtaani kwetu. Zako zinaweza kuwa tofauti, lakini hesabu ni ile ile.

Hatua ya 1: Soma taarifa yako, usikisie

Ukiulizwa umetumia pesa ngapi kwa chakula, utakumbuka ile shopingi kubwa ya supamaketi. Ile Sh40 ya jana jioni huikumbuki. Simu inaikumbuka. Itisha taarifa ya siku 30, kisha weka alama kwenye kila malipo ya dukani, kwa mama mboga na kwa muuza maziwa. Andika ni kitu gani ulinunua. Usijilaumu, tafuta tu kile kinachojirudia. Kwetu vilikuwa viwili: mafuta ya kupikia na sukari.

Hatua ya 2: Geuza bei iwe ya lita au ya kilo

Kifuko cha mafuta cha Sh20 kinaonekana rahisi. Tulikipima kwa sindano ya dawa ya mtoto, tukapata mililita 50. Maana yake lita moja inahitaji vifuko 20, yaani Sh400. Chupa ya lita moja supamaketi ilikuwa Sh300.

Sukari nayo: robo kilo Sh45, kwa hivyo kilo ni Sh180. Pakiti ya kilo mbili ilikuwa Sh310, yaani Sh155 kwa kilo.

Mwenye kioski hakuibii. Yeye ndiye anayepima, anayefunga, na anayekufungulia saa tatu usiku. Hiyo kazi ina bei. Swali ni kama unataka kuilipia kila siku.

Hatua ya 3: Panda ngazi, kitu kimoja kwa wakati

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kila mtu anajua kununua kingi ni nafuu. Shida ni kwamba ile Sh300 haiko. Dadangu alisema wazi: "Ningekuwa na pesa ya shopingi ya mwezi mzima, ningekuwa nanunua kadogo kweli?"

Jibu ni kutobadilisha kila kitu kwa pamoja. Siku ya mshahara tulinunua chupa moja tu ya mafuta. Vingine vyote vikabaki vile vile. Lakini ile Sh40 aliyokuwa akilipa kioski kila siku kwa vifuko viwili, aliendelea kuitoa, sasa ikienda kwenye akiba yake ya simu. (Kabla ya kuanza, hakikisha kuweka akiba hakukatwi ada. Kama kuna ada, weka mara moja kwa wiki.)

Chupa ilikaa siku 10. Kufikia hapo akiba ilikuwa Sh400. Chupa ya pili ikachukua Sh300, ikabaki Sh100. Baada ya siku 30, chupa ya mwezi unaofuata ilikuwa imeshanunuliwa na akiba ina Sh300. Tuliongeza Sh10 tu, tukanunua pakiti ya sukari ya kilo mbili. Mafuta yalinunua sukari.

Mwezi wa pili tukafanya hivyo hivyo kwa vyote viwili. Tunatumia kilo nne za sukari kwa mwezi, kwa hivyo tuliokoa Sh100 kwenye sukari na Sh300 kwenye mafuta. Jumla Sh400. Ni pesa ile ile ambayo dadangu alikuwa akikopa kila mwisho wa mwezi! Mwezi huo unga ulinunuliwa na akiba, na mshahara ulipoingia, ulibaki wote.

Hatua ya 4: Linda chupa

Dadangu alikuwa na wasiwasi mwingine wa kweli: mafuta yakiwa mengi jikoni, mkono nao unakuwa mzito. Kifuko kidogo kina faida hiyo, kinakupimia.

Kwa hivyo jipimie mwenyewe. Chupa kubwa inakaa juu ya kabati. Kila asubuhi unamimina kiasi cha siku hiyo kwenye chupa ndogo, na hiyo ndiyo inayoingia jikoni. Sukari vivyo hivyo: pakiti imefichwa, mkebe mdogo uko mezani. Bila hatua hii, chupa ya siku 10 itaisha siku ya sita na hesabu yote inaharibika.

Usiache kadogo kabisa

Kuna vitu ambavyo kununua kidogo kidogo ndiyo akili. Kama huna friji, nyanya, sukuma wiki na maziwa nunua vya siku. Nyanya za bei nafuu zinazooza Alhamisi si nafuu tena. Na usimkimbie mama mboga wako. Siku ukikwama, ni yeye atakayekuandikia kwenye daftari, si supamaketi.

Ukizoea, shirikiana na majirani

Mavuno makubwa ya mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza karibu Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi huo ndio wakati bei inashuka. Familia tatu zinaweza kununua gunia la kilo 90, kila moja ikapata kilo 30 za kupeleka kisiagi. Mambo matatu ya kuangalia:

- Ukavu. Uma punje. Ikikatika kwa mlio, sawa. Ikibonyea, bado ina maji. Mahindi yenye ukungu yaache kabisa, yanaweza kuwa na sumu.
- Kipimo. Nunua kwa mizani. Gorogoro iliyobonyezwa kitako inakupunja bila wewe kuona.
- Pesa. Usitume malipo kwa muuzaji usiyemjua kabla ya kuona mzigo. Mwenye kukusanya pesa za majirani ahifadhi kila ujumbe wa malipo.

Unapolipa

Lipa moja kwa moja kwa namba ya till pale inapopatikana, kwa sababu kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada. Ukitoa pesa kwa wakala mara tatu kwa wiki, unalipa ada mara tatu. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Faida nyingine: malipo ya till yanabaki kwenye taarifa yako, kwa hivyo mwezi ujao hutakuwa unakisia.

Zoezi la wiki hii

1. Itisha taarifa ya siku 30.
2. Tafuta kitu kimoja unachonunua kadogo karibu kila siku, na kisichooza.
3. Piga hesabu ya bei yake kwa lita au kwa kilo, kadogo na pakiti kubwa.
4. Siku pesa ikiingia, nunua pakiti moja kubwa. Kiasi ulichokuwa ukilipa kila siku kiende akiba.

Ni kitu kimoja tu. Kwetu ilikuwa mafuta. Kwako huenda ikawa sabuni ya unga au majani ya chai. Fungua simu uone.