TUSHINDE SAA YA NJAA
Namna ya kuacha desturi ya vyakula vya mafuta vya barabarani

Ndugu watumikaji, na ninyi wamama mnaotunza nyumba,

Tunajua wote kuvaa kasike, viatu vya kazi na miwani. Lakini mtu anaweza kulinda kichwa chake muda wa miaka 20, na kumbe anaharibu moyo wake kila siku katika njia ya kurudi nyumbani. Leo tutasema juu ya hatari hiyo.

Tuwaze mtumikaji mmoja, mwendeshaji wa kamyo kubwa. Anaondoka nyumbani mbele ya jua kutoka, bila kula kitu. Kazini anakunywa soda moja tu. Anapotoka, njaa inamkamata kwa nguvu, na hapo hapo penye mlango harufu ya mafuta inamwita: mikate ya mafuta, viazi vya kukaanga, kuku, soseji. Anakula akisimama, anaongeza soda nyingine. Nyumbani mama amepika bukari na sombe. Baba anasema:

– Mama, mimi nimekwisha kushiba.

– Baba, hii ni siku ya ngapi? Watoto wanakula peke yao.

Sahani inafunikwa. Hivyo miaka inapita. Siku ya kupimwa afya, munganga anakuta tansio 17/11. Baba anashangaa, kwani hasikii ugonjwa wowote. Munganga anamwambia: “Mbele ya kupanda tena kamyo, lazima tansio ishuke.”

Ubaya uko wapi?

Chakula hicho si sumu. Anayekula mara moja moja, siku ya furaha, haharibikiwi. Ubaya ni kukifanya chakula cha kila siku.

Chumvi. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Soseji, viazi vya kukaanga na vidonge vya kutia ladha katika mchuzi vinajaza kijiko hicho upesi. Chumvi nyingi inapandisha tansio. Tansio ikifika 14/9 na zaidi, ikipimwa siku mbalimbali, ni ugonjwa. Mara nyingi hauumi. Unatumika kimya, mpaka unapiga moyo, mafigo au ubongo.

Sukari. Shupa ya soda ya kola ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kama vijiko 8 vya chai. Nani kati yetu angeweka vijiko 8 katika kikombe kimoja? Mwili usiomaliza sukari hiyo unanenepa, na mlango wa ugonjwa wa sukari unafunguka. Mwenye ugonjwa huo anaweza kupata kidonda mguuni, ndani ya kiatu cha kazi, asisikie maumivu, na kidonda kikakawia kupona.

Mafuta. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi yanakuwa meusi, yanatoa moshi na harufu mbaya. Hayo yameharibika. Tena tumbo lililojaa mafuta linaleta uzito na usingizi. Kwa mwendeshaji wa mashini, usingizi ni ndugu wa ajali.

Vumbi. Penye kamyo za madini zinapopita, kama katika njia za Likasi na Kolwezi, chakula kisichofunikwa kinapokea vumbi. Mtumikaji asiyenawa mikono anaongeza lake. Vumbi la madini halina kazi tumboni.

Namna ya kuacha

Mazoea yana tabu. Usijidanganye kwamba utaacha kwa hasira ya siku moja. Angalia kwanza: desturi hii inakukamata saa gani? Kwa wengi ni saa ya kutoka kazini, mtu akiwa na njaa, kiu na uchovu pamoja. Basi tushinde saa hiyo mbele haijafika.

1. Usiondoke nyumbani na tumbo tupu. Uji wa mahindi wenye unga wa karanga, au viazi vitamu na chai yenye sukari kidogo, vinatosha kukufikisha mbali.

2. Beba chakula kisichoharibika upesi: karanga za kukaanga, ndizi, chungwa, mkate. Ukibeba bukari na maharagi, yatiwe ya moto sana ndani ya termosi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, kwani vijidudu vinazaa ndani yake. Nawa mikono na sabuni, kisha kula mbali na vumbi.

3. Kunywa maji safi kidogo kidogo wakati wote wa kazi, bila kungoja kiu. Mara nyingi mtu anafikiri ana hamu ya soda, kumbe mwili unaomba maji.

4. Kula ndizi au karanga dakika chache mbele ya kutoka. Hii ndiyo silaha kubwa. Ukipita penye mafuta bila njaa, harufu haina tena amri juu yako.

5. Punguza kwa hatua. Aliyekula siku 6 kwa juma aanze na siku 3, kisha siku 1. Ukianguka siku moja, usiseme: “Nimeshindwa.” Kesho anza tena.

6. Andika feza katika kitabu kidogo. Ukitoa franka 3.000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni franka 78.000. Uliza nyumbani feza hiyo ingenunua nini.

Anayekunywa dawa za tansio au za sukari asiziache kwa sababu amebadili chakula, wala asiruke saa ya kula. Kwanza aulize munganga.

Kazi ya nyumbani

Mama, chakula kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa. Bukari na maharagi, lengalenga au matembele, kapenta kidogo, nyanya na kitunguu: hapo kuna nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vya kuulinda. Osha mboga katika maji safi mara kadhaa. Tia chumvi kidogo, na usiweke chumvi mezani. Punguza mafuta ya ngazi polepole, ulimi utazoea. Watoto wasipewe soda kama zawadi ya kila siku. Desturi ya baba inaanza utotoni.

Tusiwatukane wamama wanaouza barabarani. Wengi ni wake zetu na dada zetu, wanatafuta feza za masomo ya watoto. Tuwaombe na kuwanunulia vitu vingine: viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi, papai. Muuzaji anapika kile mnunuzi anachopenda. Nao wafunike vyakula, wabadili mafuta mbele hayajawa meusi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

– Kwa juma moja, baba anakula mara ngapi pamoja na watoto?

– Katika nyumba yetu, chumvi ya juma moja ni kiasi gani?

– Baba na mama wamepimwa tansio mara ya mwisho lini?

Ndugu mtumikaji, mashini ikiharibika, kompani itanunua nyingine. Moyo wako ni mmoja. Kesho mbele ya kutoka kazini, kula ndizi yako, kunywa maji yako, kisha pita. Nyumbani sahani inakungoja.