Dondoo muhimu: Kundi la chama nalo ni mtandao wa kijamii
Wengi hapa Bahati hudhani mitandao ya kijamii ni Facebook na TikTok tu. Kundi la WhatsApp la chama nalo limo. Kabla ya kutuma humo picha ya ujumbe wa M-Pesa, funika jina, nambari ya simu na salio; picha ikishasambazwa, hairudi.

Picha za watoto ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Sare tu hufichua mtoto anasoma wapi. Usitume picha hizo bila idhini ya mzazi: mwaka 2023, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini Kenya faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilo.

Linda pia akaunti yako: tarakimu sita za uthibitisho za WhatsApp zinazokujia kwa ujumbe usimsomee mtu yeyote, hata rafiki akikusihi.